Paka mwenye kitenge changu

Mama Abeli, umeamka? Nimeumbuliwa na mjukuu wangu mwenyewe.

Si unakumbuka Goodness alivyoniomba nikae anichore? Jumamosi tatu nimekaa hapa Guangzhou bila kutikisika, mgongo unaniuma, nikijua ni picha ya kutundika ukutani kwetu Moshi.

Leo wenzake wa chuo wamekuja, wanakwenda kupanda mlima na baridi hii. Nimewapikia chapati na viazi vitamu, nikavifunga kwenye kitenge visipoe. Mmoja wao, Careen, kuniona nakaza fundo, akacheka. "Kumbe Bibi Paka ndiye huyu!"

Bibi Paka!

Akanionyesha kwenye simu. Paka wa Kiajemi, uso bapa, mashavu yananing'inia, amevaa kitenge changu, anafunga chapati. Darasa zima wamemwona.

Goodness ananiambia, "Bibi, ni katuni tu, wamempenda sana."

Katuni! Jumamosi tatu, Mama Abeli!

Chakula nimewapa, siwezi kumwacha mtoto aende mlimani na njaa. Ila kitenge nimekifungua nikajifunga mwenyewe. Chapati wamebeba kwenye mfuko wa nailoni.

Zitapoa. Na zipoe.