SDR Yako Haiuzwi

Baba,

Mwangaluka, habari za asubuhi. Nakuandikia nikiwa bado na hasira, univumilie.

Ni miezi mitatu sasa tangu tumalize matanga. Daktari alisema mbele yetu sote kwamba ni kifua kilichokuchukua, lakini hapa Bariadi watu wana maelezo yao. Wanasema ni pikipiki. Eti kitu chenye kiti kimoja humtafutia mwenyewe safari ya peke yake.

Upuuzi, Baba. Upuuzi mtupu.

Nakumbuka ulivyoileta kutoka Mwanza. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mitumba ya Japani inashushwa kila wiki, na wenzako walirudi na pikipiki za porini, zile za kubebea magunia. Wewe ukashusha kwenye lori la pamba kitu chembamba kama swala, fremu ya mabomba yanayong'aa, rejeta kama ya gari. Mama akauliza, "Na mimi nitakaa wapi?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

Ukanieleza huku ukiifuta vumbi. Yamaha SDR, injini ya cc mia mbili kasoro kidogo. Waliiunda kwa ajili ya Wajapani wenyewe, wakaiuza muda mfupi, wakaiacha, kwa sababu vijana wa kule walitaka pikipiki kubwa zaidi. "Wameikataa kwa udogo wake," ulisema. "Hawajui kitu. Mayu, mama yangu, inua nyuma uone ilivyo nyepesi." Nikainua. Mimi, binti yako, nikainua! Kisha ukanifundisha kuiendesha kwenye uwanja wa mnada, siku zisizo na ng'ombe, ukikimbia pembeni yangu na kandambili mkononi.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi ya kwanza baada ya matanga.

Baba mdogo Masanja aliita kikao. Akasema fremu iuzwe na injini ing'olewe, ikamvutie maji kwenye shamba lake la nyanya kule Mwamanyili. Nikasema hapana. Wazee wakageuka wote.

"Mtoto wa kike haendeshi kitu kama hicho," akasema baba mdogo. "Mwanamke hubebwa."

"Baba hakunifundisha kubebwa."

Nikaitoa nje. Nikapiga kiki, kimya. Nikapiga tena, kimya, na nyuma yangu wanacheka. Ndipo nikakumbuka koki ya mafuta, nilikuwa sijaifungua. Nikaifungua, nikasubiri kidogo, nikapiga. Ikaitika na moshi wake wa buluu, ile sauti yako... nikashika njia ya Mwandoya nikilia, mdomo wazi, vumbi lote linaingia.

Niliporudi, baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na spana.

"Shuka."

"Sishuki."

Akaja kushika usukani. Ndipo Mama alipotoka jikoni, yule Mama ambaye hakuwahi kuipenda pikipiki yako hata siku moja. Akamnyang'anya spana, taratibu tu, kama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Shemeji," akasema, "nyumba hii bado ina watu."

Baba mdogo akaondoka bila kuaga. Hajatusamehe, na sijamwomba.

Siku hizi nauza dawa za mifugo. Madaktari wa ng'ombe wa serikali wamepungua, kila mfugaji anajitafutia mwenyewe, basi nabeba dawa mgongoni na kuzunguka minadani. Wa kwanza walinunua ili waitazame pikipiki. Sasa wananunua kwa kuwa ng'ombe wao walipona. Fundi mmoja wa Nyashimo amegundua kwamba injini yake ni ndugu na ile ya DT mia mbili, Yamaha ya porini, kwa hiyo ringi za pistoni zinapatikana. Ungefurahi kusikia hilo. Ungetaka kumwambia kila mtu.

Nakukosa zaidi ninapoizima. Kunakuwa kimya ghafla, nami nageuka kukuuliza imelia vipi.

Pumzika, Baba. Wakija tena na spana, watanikuta juu yake. Wakija na wazee, watanikuta juu yake. Na siku itakapokataa kabisa kuwaka, nitaisukuma hadi Mwanza kwa mikono yangu, lakini kwenye nyanya za mtu haifiki.

Binti yako,
Kabula