Saa Iliyotiwa Mafuta ya Kupikia

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, ila hasira tu. Leo mteja ameniletea saa ya marehemu baba yake. Ilikuwa ikichelewa kidogo, akaifungua kwa kisu cha jikoni, akaitia mafuta ya kupikia. "Ilikwenda vizuri wiki nzima, fundi," ananiambia, kifua mbele. Mafuta yameganda, magurudumu yamelika. Watu hawa wana nini?

Saa yako uliyonitumia niitengeneze nimeipokea. Jicho la kulia, lile ninalofanyia kazi, liliniwasha likawa jekundu, lakini tajiri wangu alinipa matone yaliyobaki alipopasuliwa mtoto wa jicho. Sasa ni jeupe pee.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti tuliache. Umejaza ukurasa kumlaani mteja, kisha mwishoni ukafanya yale yale. Dawa ile aliandikiwa tajiri wako, kwa jicho lake na kwa ugonjwa wake. Wekundu kuondoka si kupona. Nani amelitazama jicho lako kwa chombo? "Ilikwenda vizuri wiki nzima, fundi." Acha kuitia. Chukua chupa hiyo, uende nayo hospitali kesho, daktari aione.

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Jicho halina neno, mwanga tu unanichoma. Nikizidisha matone linatulia. Nitakwenda kazi zikipungua. Mimi si mtoto, Shangazi.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Mwanga unakuchoma, nawe unasema halina neno? Mtoto angelia, akapelekwa. Nenda leo.

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Daktari alikuta kidonda kwenye kioo cha jicho. Matone yalizima wekundu tu, kidonda kikazidi kuchimba. Limebaki kovu, kwa jicho lile naona kama dirisha lenye mvuke. Sasa natumia la kushoto, polepole. Saa yako nimeitengeneza. Ikikosea, niambie.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Saa imefika, na inachelewa. Jirani amejitolea kuifungua. Anasema ni jambo dogo, na kisu anacho. Nimemfukuza.

Kila asubuhi naisogeza mbele mwenyewe. Haifunguliwi na mtu mwingine. Itakungoja wewe, na hilo jicho la kushoto.

Shangazi yako