Maelezo Yako Bado Yanasomwa, Kaka Otim

Kaka Otim,

Kiti chako kimehamia dirishani na hakuna anayekikalia. Hatukukubaliana hivyo, imetokea tu. Mgeni akikielekea, mmoja wetu humwonyesha kingine, na hakuna anayesema kwa nini. Nje, Kansanga ni ileile, barabara ya Ggaba imejaa pikipiki na yule mama wa chapati na mayai bado anakaanga pale chini. Wiki za kwanza alikuwa akinifungia mbili bila kuniuliza, yangu na yako, nami nilikuwa nazichukua zote mbili. Sikuweza kumwambia. Mtu mwingine alimwambia, na siku hiyo alinipa moja, akanishika mkono.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo. Wewe uliipata kambini, kwa baba yako askari na watoto wa askari wenzake waliotoka kila upande. Mimi nilikuja nayo kutoka Uvira, pamoja na Kifaransa ambacho hapa Kampala hakikunifaa kitu. Nilipofika ofisini nilikuwa nimemaliza yale mafunzo ya kompyuta ya kanisani. Programu ndogondogo niliweza kuziandika, lakini Kiingereza kilikuwa kinanikwama kooni. Bosi wetu Kato alinipa muda wa majaribio, akanikabidhi kwako. Ulisogeza kiti, ukasema, "Karibu, mdogo wangu. Hapa tunapima dawa za watoto. Muuguzi anaandika uzito, sisi tunampa kiasi cha dawa. Tukikosea, mtoto anaumia. Mengine yote ni rahisi."

Halafu ukanifundisha kuandika komenti. Nilidhani najua. Kanisani tuliambiwa ni yale maneno unayoyaweka katikati ya msimbo, yaani maagizo ya programu, ambayo kompyuta huyaruka, nawe unayaandika ukipenda. Wewe ulinionyesha kwamba yana kazi. Ukiyafungua kwa mkwaju, ule mstari wa mshazari, na nyota mbili, na ndani yake ukaweka amri zinazoanza na alama ya @, kuna programu nyingine inapita kwenye mafaili yote, inayakusanya na kuyapanga yawe kurasa za mwongozo, na mtu ambaye hajawahi kuuona msimbo wetu anaweza kukaa akazisoma. @param kwa kila kitu ambacho hesabu inapokea. @return kwa jibu inalotoa. @warning kwa hatari. Ulipenda hivyo kwa sababu mwongozo hauandikwi pembeni ukasahaulika. Unakaa palepale juu ya hesabu unayoieleza, na ukiigusa hesabu, maelezo yanakutazama usoni.

Komenti yangu ya kwanza niliihangaikia asubuhi nzima. Tukaiendesha ile programu ya kukusanya, na ukurasa wangu ukatoka mtupu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Nilikuwa nimeweka nyota moja. Ukaniambia kwamba kwa nyota moja nimejiandikia mwenyewe, nyota ya pili ndiyo inayoyatoa nje yaende kwa watu. Nilinuna kidogo. Sasa ningetoa chochote nicheke na wewe tena kwa jambo dogo kama lile.

Na ulifanya kitu ambacho sikukielewa ukubwa wake hadi ulipoondoka. Uliandika maelezo yote kwa Kiswahili. Kato alikuuliza sababu, ukamjibu kwamba Kiingereza kitakuja wakati wake, kwa sasa msomaji tuliye naye ni Furaha. Ni mimi. Mafaili yale yote, kaka, uliniandikia mimi.

Siku ile ya mwisho wodini ulikuwa na maumivu, nikaona vidole vyako vilivyovimba, nikataka kuondoka upumzike. Uliomba simu yangu, ukasoma kipande nilichokuwa nimeandika, ukanirudishia. "Umeandika dozi, hukuandika kipimo. Miligramu au mililita? Anayesoma hawezi kukuuliza." Nikasema nitarekebisha, Jumatatu utakaporudi utaona. Sikoseli, ule ugonjwa wa damu, ulizaliwa nayo, ilikuwa imekulaza mara nyingi na mara zote ulirudi ukiwa mwembamba na mwenye mizaha. Ndiyo maana nilisema Jumatatu. Nilikuwa na hakika kabisa ya Jumatatu.

Nikueleze yaliyotokea baadaye.

Tulikuzika kwenu Kitgum. Tuliporudi, Kato alitupa habari ambayo ungeifurahia: zahanati za Kenya zinaitaka programu yetu, na watakuwa na waandishi wao wa programu watakaoitunza huko. Walitaka mwongozo kamili, kwa Kiingereza. Kato akaniambia nipite kwenye mafaili yote, niondoe Kiswahili chote, niweke Kiingereza. Alikuwa na haki ya kuniambia hivyo. Kiingereza changu sasa kinatembea, wewe mwenyewe ulikisukuma. Nikaketi kuanza.

Sikujua itakuwa namna ile. Kila faili ulikuwa unaongea. Juu ya hesabu ya dawa ya malaria uliandika kwamba jibu lisitoke na tarakimu nyingi baada ya nukta, kwa sababu muuguzi anayelisoma yuko kwenye zamu ndefu na taa ni hafifu. Mahali pengine uliandika, kama vile umenigeukia, kwamba hapa pana mtego, pumua kwanza. Nilikuwa natafsiri sentensi, naifuta ya kwako, nahifadhi. Natafsiri, nafuta, nahifadhi. Ilipofika mchana nilikuwa naona ninakuzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu, na nikitumia lugha uliyonifundisha.

Kisha nikafika kwenye hesabu ya uzito. Unajua ulichoandika pale. Mimi nilikuwa nimepita kwenye faili lile mara nyingi bila kukisoma, kwa sababu ulikuwepo na ningeweza kukuuliza.

@warning Uzito ukikosekana, usiukisie kwa umri. Simama, uulize. Mimi nilipoanza shule nilikuwa na uzito wa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mtu angenikisia kwa umri, angenizidishia dawa.

Niliondoka mezani, nikaenda kusimama kwenye ngazi.

Kumbe Kato alikuwa ameshawaahidi watu wa Kenya jambo hilohilo. Walikuwa wameomba kwamba uzito usipoandikwa, programu ijaze yenyewe kwa kufuata umri, ili foleni isisimame, naye akakubali. Nilipomwambia kuna onyo lako pale, akasema onyo liondolewe, na ile habari ya utoto wako ndiyo kabisa. Hakusema kwa ubaya. Anakukumbuka naye, nimemwona akiangalia dirishani. Alisema, "Furaha, mwongozo si mahali pa kulilia mtu."

Mimi ni mtu wa kunyamaza mbele ya bosi, unanijua. Lakini nilimjibu kwamba hii si kulia, hii ni sababu. Onyo lisilo na sababu, atakayekuja baadaye atalifuta kwa sekunde moja akiona linamchelewesha. Nikamsomea kwa Kiingereza, neno kwa neno, nikitafsiri papo hapo. Nilipofika kwa yule mtoto wa kubebwa mgongoni, Kato akavua miwani. Akaniambia nimwache kidogo. Kabla ya jioni alikuwa amewapigia simu, akawaeleza kwamba programu itasimama na kumtaka muuguzi apime, mizani ipo na mtoto yupo. Walibishana naye, kisha wakakubali.

Kiswahili chako nacho kimebaki. Nilipekua maelekezo ya ile programu ya kukusanya nikakuta amri ambayo hatukuwahi kuitumia, ile ya @if. Unaweka kipande kati ya @if na @endif, unakipa jina, na wakati wa kutoa mwongozo unachagua majina yatakayotoka. Sasa kila komenti ina vipande viwili, kimoja kinaitwa kiingereza na kingine kiswahili. Wa Kenya wakitaka cha Kiingereza wanatoa cha Kiingereza, na wakitaka yote wanatoa yote. Ilinibidi kurudisha kila nilichokuwa nimefuta, na kwa bahati nakala za zamani zote zinatunzwa. Siku nilipomaliza, niliagiza kipande cha kiswahili peke yake, nikapeleka kurasa zikachapwa.

Nilizipeleka sokoni Owino kwa Mama yako. Bado yuko upande uleule wa nguo za watoto, kazungukwa na marobota. Alinipa kigoda, akaniuliza kama nimekula, akaniuliza habari za mama yangu. Kisha akaona karatasi. Nilimwambia hii ni kazi ya Otim, ni maelezo ya kuwafundisha watu wengine, kayaandika mwenyewe. Akasema, "Yeye aliniambia anafanya kazi ya kompyuta. Mimi sikujua kompyuta inasema nini." Nikamsomea. Palipokuwa na alama zile nilizieleza, kwamba hapa anasema kinachoingia, hapa kinachotoka, hapa anaonya. Aliendelea kukunja vijisweta huku anasikiliza. Muuza viatu wa jirani akapunguza redio.

Nilipofika kwenye onyo la uzito, mikono yake ikasimama.

"Soma tena pole pole. Hapo ni yeye anaongea."

Nikasoma tena. Akanieleza jinsi alivyokuwa akikubeba mgongoni kutoka kambini mpaka hospitali, na wewe umeshaanza shule, umevaa sare, na wanawake wa kambi wakimcheka kwamba anakudekeza. Wewe ulikuwa unamwambia akushushe, utembee, akikushusha magoti yanakuuma, anakubeba tena. Sikujua kwamba ulikuwa unayakumbuka, alisema. Alisema na wewe, si na mimi. Kisha akaikunja karatasi ile moja, akaiweka kifuani ndani ya nguo. Zilizobaki akanirudishia, akisema hizo ni za kazi.

Nakosa sauti yako, kaka. Nakosa ulivyokuwa unagonga meza kwa kalamu kabla ya kunikosoa, ili nijiandae. Kuna siku nakwama mahali, nageuka, na neno "kaka" limeshatoka. Wenzangu wanajifanya hawakusikia.

Juzi tulikuwa na kikao cha video na wale wa Kenya. Kuna binti mmoja huko, Chebet, ndiye aliyepewa programu yetu aitunze. Ameusoma mwongozo wote, na kumbe aliutoa kwa vipande vyote viwili. Alikuwa na swali kuhusu watoto waliozaliwa karibuni, mbona hesabu yao haipo. Jina lako liko juu ya kila faili, mbele ya @author, yaani mwandishi, kwa hiyo akasema kwa furaha tu, "Tumwulize Otim mwenyewe." Kato akatazama meza. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema Otim alifariki, na nikaona kwenye kioo mkono wa yule binti ukienda mdomoni. Akanipa pole, akaomba radhi. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba tangu hapo. Alisema, "Nimekuwa nikifanya kazi naye wiki hizi zote."

Nilimjibu kwamba hata mimi.

Kuhusu swali lake, jibu lilikuwa palepale. Amri ya @todo inazikusanya kazi zote ambazo hazijafanywa na kuziweka ukurasa mmoja, nami nilikuwa nauepuka ukurasa huo. Nyingi zilikuwa ndogo, nimezimaliza. Ya watoto wachanga ndiyo iliyobaki. Umeandika isianzwe bila muuguzi kuketi kando. Basi nimempata, muuguzi wa zahanati ya Kisugu, mama mkali anayenikatiza kila baada ya neno, na tumeanza. Ananiambia mambo ambayo hayako kwenye jedwali lolote, nami nayaandika juu ya hesabu, pamoja na sababu zake. Nimegundua kuwa ninapoandika simwoni Chebet wala Kato. Namwona mtu nisiyemjua, amechoka, hawezi kuniuliza.

Huenda wewe uliniona mimi hivyo, hata nilipokuwa nimekaa mbele yako.

Mwisho wa mwaka Mama anakwenda Kitgum kumaliza msiba, na ameniambia nifuatane naye. Amesema mimi ni wa nyumbani. Nitakuja. Nakuahidi kwamba sitakuja kabla hesabu ya wachanga haijakamilika, imepimwa, na muuguzi wangu mkali ameikubali. Nakuahidi pia kwamba msichana au mvulana yeyote atakayeletwa ofisini na lugha yoyote aliyonayo, nitaanza kumwandikia kwa hiyo.

Pumzika, kaka yangu. Usihangaike tena na magoti wala na vidole. Huku vipimo vyote nimeviandika, miligramu mahali pa miligramu na mililita mahali pa mililita.

Kwaheri. Nakupenda, na sikuwahi kukuambia kwa sababu tulikuwa na kazi nyingi.

Ni mimi mdogo wako,
Furaha