Ng'ombe Mwekundu Aliyekwenda Magwagwa

Mjukuu wangu Moraa,

Hapa Manga tu wazima, na nyanya yako anakusalimu. Baba yako mdogo, Omoke, anaoa, kwa hivyo Jumamosi tunapeleka ng'ombe wa mahari.

Swali lako limenivuruga. Unasema huko chuoni mnafundishwa kwamba nyasi huota kuvu yenye sumu, na ng'ombe anayezila bila kuugua huzaa ndama wenye nguvu hiyo hiyo. Ukauliza yule wetu wa zamani niliyekusimulia, ambaye hakuugua, alienda wapi.

Nilikuwa kijana. Baada ya mvua, ng'ombe wetu walichubuka pua na masikio, wakawa wanakimbilia kivuli; kumbe ndiyo sumu hiyo ya kuvu unayoisema. Mmoja tu, mwekundu, alibaki aking'aa, na malisho yalikuwa yale yale. Kwa kuwa mahari hailipwi kwa mnyama mgonjwa, baba yangu alimfunga kamba huyo mwekundu, akampeleka Magwagwa, nilikokuwa nimechumbia. Sisi tukabaki kuzalisha wale waliochubuka. Hakuna aliyeona ajabu.

Sasa Omoke anamtaka yule wetu wa mabaka, ambaye hajaugua hata mara moja. Nilimwambia amwache. Akaniuliza, "Baba, nipeleke wagonjwa nichekwe?" Nikachukua kamba, nikaja zizini.

Yule mwekundu ndiye aliyemleta nyanya yako. Tungemweka, leo tungekuwa na zizi la ng'ombe wazima, lakini wewe usingekuwepo kuniuliza. Nimeshika kamba hapa, Moraa, na sijui nimfunge yupi.

Babu yako