Aliyeziba Tundu la Kaseti Yako

Dada Rehema,

Leo nimepanda tunnelbana, treni ya chini ya ardhi ya huku kwa Waswidi, mpaka mwisho wa laini, Hässelby, na sikuwa na shughuli yoyote huko. Nimekaa tu dirishani. Barafu ya ziwa imeanza kulegea, ina ile rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi, na nikawa nakuona. Sio ule uso wa hospitali. Nilikuona una miaka kumi na sita, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, unaongea na kamera kule Dublin kama unaongea na jirani ng'ambo ya ua. Halafu nikakumbuka sura hiyo sasa iko ndani ya vichwa vya watu wachache tu, na sababu ni mimi.

Ngoja, nisikimbie. Wewe ulizoea kuniambia, "Mkenya, Kiswahili chako kinatembea na magongo, basi angalau kitembee polepole." Sawa. Natembea polepole.

Siku chache baada ya kukuzika, ilikuja barua yako kutoka Ireland. Binti yako Zawadi akaifungua, akanisomea jikoni kwako. Imetoka kwa mama mmoja aliyekuwa msaidizi kwenye kile kipindi cha televisheni cha vijana mlichokitangaza Dublin. Sasa amestaafu, anaandika historia ya kipindi hicho. Hakujua umeondoka.

Dada, ilikuwa kama wewe unasimulia tena. Kwamba kilianza kama jaribio, wiki chache za likizo, maana wakubwa wa stesheni hawakuamini vijana wana la kusema. Kwamba studio ilikuwa kachumba, ukuta mmoja mmeupaka rangi nyinyi wenyewe. Kila alasiri watoto wakitoka shule: muziki, barua za watazamaji, mitindo ya nywele, msichana anayefungua injini ya pikipiki, kijana anayelia kwa sababu timu yake imefungwa. Wazazi wakalalamika mnaongea lafudhi za mitaani. Mapadri nao wakalalamika. Barua zikaingia kwa magunia. Halafu watangazaji wakakua, wakaja wengine, saa ikabadilishwa, jina likabadilishwa, na kiangazi kimoja kikaisha kimya kimya, hakuna aliyeaga.

Na tepu za mwanzo, anasema, karibu zote zilifutwa. Stesheni ilizitumia tena kurekodia mambo mengine. Ndiyo maana anatafuta watu waliorekodi nyumbani. Alisikia wewe unayo nakala.

Zawadi akaikunja barua. "Nitamjibu kwamba niliifuta mimi nikiwa mdogo."

Nikamuuliza nani kamwambia hivyo.

"Ah, Anko, si kila mtu anajua? Zamani nilikuwa nakataa. Siku hizi naona pengine ni mimi kweli. Mtoto anasahau."

Akanimiminia chai. Nikainywa yote, dada.

Sasa nisikilize.

Unakumbuka kile kiholi chetu Hässelby, tulipoanza kipindi chetu cha vijana cha Kiswahili? Ile stesheni ndogo ya televisheni ilikuwa inampa mtu yeyote wa mjini nusu saa, wewe ukaiomba. Watoto wa Kitanzania, wa Burundi, wa Kongo, sisi Wakenya. Unawauliza kwa Kiswahili, wanakujibu Kiswidi, unawaambia, "Hiyo lugha ya serikali, nijibu kwa ya nyumbani!" Tepu hazikututosha, kwa hiyo kila moja tuliirekodia juu mara nne, mara tano. Ila moja tu. Siku ya kwanza uliwakalisha watoto wote ukawaonyesha kaseti ya Dublin, ile aliyokurekodia jirani yenu. Mama yako anakusuka jikoni, yule mtangazaji mwenzako anauliza mambo ya nywele, wewe unageuka kujibu, na mama anakupiga kichwa na kitana: "Tulia wewe! Kichwa kigumu kama mlango wa bohari!" Kiswahili cha Tanga kwenye televisheni ya Ireland, hakuna aliyeelewa, na wote wanacheka. Sisi pia tulicheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Sauti yake imebaki humu tu."

Kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kaseti ulikuwa umekivunja, ili mashine ikatae kurekodi. Na mimi ndiye niliyewafundisha watoto ule ujanja, kwamba ukiziba tundu lake na selotepu mashine inakubali tena.

Ile wiki ya theluji, mabasi yalipokwama, mwandishi wa televisheni alinihoji Sundbyberg, nimesimama mlangoni mwa basi langu. Akaniambia nitatokea jioni ile kwenye habari. Dada, nilikuwa na miaka thelathini, hakuna mtu Nakuru aliyeamini ninaendesha basi huku. Nilitaka niwatumie. Nikapita holini na funguo zangu. Tepu tupu hakuna. Kabatini kaseti ya Dublin. Nilijua ni ipi. Siwezi kusema sikujua, kwa sababu selotepu niliikata kwa meno yangu mwenyewe. Nikasema moyoni, nitaipeleka mbele mpaka penye mwisho mtupu. Nikadhani nimefika. Nikaiacha inarekodi, nikakimbilia zamu.

Kesho yake niliiangalia. Theluji. Basi langu kwa nyuma. Mimi walinikata. Na wewe hukuwepo tena, wala mama yako.

Hapo bado ningeweza kukwambia. Ungenitukana vizuri, ungeninunia mpaka Pasaka, tungeendelea. Lakini niliona ile theluji itanitaja. Kwa hiyo nikarekodi tena juu yake, muziki wa vijana, ule aliokuwa anaupenda Zawadi. Nikaibandua selotepu. Nikairudisha mahali pake.

Ulipokuja umeishika kaseti mkononi, midomo yako mikavu, ukaniuliza. Nikakwambia, "Sijui, dada. Labda watoto." Halafu, kama hiyo haitoshi, nikaongeza, "Si Zawadi ana funguo?"

Alikuwa na miaka kumi na minne. Aliapa kwa Kiswahili, akaapa kwa Kiswidi, "Det var inte jag, Mama, sio mimi," mpaka sauti ikamkauka. Ulimnyang'anya funguo. Hakutangaza tena kwenye kipindi. Na mwaka haukuisha, kipindi chenyewe kikatushinda. Wewe na yeye mlirudi kuongea, najua, mlicheka, mlipika pamoja. Lakini kila Idi, kila harusi, lazima mmoja apige kelele, "Ficheni tepu, Zawadi anaingia!" Na mimi nilicheka na wengine. Mara moja nilisema mimi mwenyewe.

Nilikaa na hilo karibu miaka ishirini na mitano. Pale hospitali nilishika mkono wako nikafungua mdomo, ukasema, "Nini, Mkenya?" Nikasema dirisha lina baridi, nikalifunga.

Jumapili iliyopita nilikwenda Farsta kwa Zawadi. Sikukaa. Nilimwambia vyote nimesimama na koti langu, kama ninavyokwambia wewe, bila kuruka selotepu, bila kuruka muziki.

Hakulia. Aliuliza, "Muziki uliuchagua wewe?" Nikasema ndiyo. Halafu akasema, "Nilimwomba Mama msamaha, Anko. Mwezi uliopita. Kwa jambo ambalo sikulifanya. Akaniambia yamekwisha." Na baadaye, kwa sauti ndogo: "Usiniombe msamaha mimi leo. Kawaambie wao."

Wao ni hao hao wa Idi na wa harusi. Watakuja wote kwenye arobaini yako, Jumamosi hii.

Kwa yule mama wa Ireland tumeshaandika. Nilimwambia Zawadi kila nilichokiona kwenye ile kaseti, rangi ya ukuta, kitana, maneno ya mama yako, naye akakiandika kwa Kiingereza. Tulibishana kidogo kuhusu gauni lako, yeye anasema la kijani, mimi bluu. Tumeacha yote mawili. Pale pa kueleza nani alifuta, Zawadi alinisogezea karatasi niandike mimi.

Sijui kama huko mnasikia. Zamani ulisema mawimbi ya televisheni hayarudi, yanaendelea tu kwenda juu, kwamba kile kipindi mpaka sasa kinasafiri mahali fulani, na mama yako bado anakusuka. Sikukuelewa. Leo kwenye treni, kwa muda wa stesheni mbili hivi, nilielewa.

Kwaheri, dada yangu. Mungu akuweke mahali laini. Sikuombi lolote, umekwenda na jambo ambalo ningeweza kulinyoosha na sikulinyoosha. Nakuahidi hili moja: Jumamosi, wakishamaliza dua, kabla sahani hazijapita, nitasimama mbele ya watu wote na nitasema Zawadi hakuwahi kuigusa. Halafu nitabaki pale pale nimesimama, waniulize wanachotaka.

Wako,
Kamau