Maana ya Owiti

Jumapili

Sikutaka kufa na uongo ule. Leo nimemwambia mjukuu wangu Atieno kwamba Owiti, jina la ukoo wetu, halikuwa la shujaa.

"Babu! Na vile ulitutambia nalo harusini?"

"Ni jina langu. Maana yake aliyetupwa. Ndugu zangu walikufa wachanga, basi mama akanilaza njiani, jirani akaniokota, ili kifo kidhani sina mwenyewe."

Hakucheka. Amezika watoto wawili. Wa tatu amezaliwa juzi, katika hospitali ya Kombewa.

"Basi kesho nitamlaza mlangoni, Babu. Utamwokota wewe."

Nimekubali. Mikono yangu yenyewe haishiki hata kikombe cha chai.

Tangu aondoke najaribu kuinua mto wangu. Unaniponyoka.