Nani Atawafundisha Sala?

Nechells,
Birmingham, Uingereza.
Tarehe 21 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Rukiya,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Isiolo, na kwamba goti lako la kushoto limepata nafuu. Je, mwanao Abdiwahid amekwisha kukutengenezea ule mfereji wa jikoni, au bado anaahidi? Usimwachilie. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na sita. Macho yamepungua, na nyonga iliyofanyiwa upasuaji inauma kukiwa na baridi. Baridi imekwisha kuingia.

Katika barua yako ya Septemba uliniuliza mara tatu watoto watafika lini. Nimekujibu mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili nilikuandikia habari za hali ya hewa. Huo haukuwa uaminifu, na leo naurekebisha. Watoto hawatakuja. Idil na Liban hawatarudi katika nyumba hii, wala hawatafika kwako. Mahakama ilimaliza shauri lao mwezi wa Septemba, na uamuzi huo ni wa kudumu mpaka watakapokuwa watu wazima.

Mama yao, binti yangu Sadiyo, yupo vilevile kama alivyokuwa tangu kiharusi kilipomwangusha kazini, katika ghala la Washwood Heath, Februari ya mwaka jana. Naenda kumtazama kila Jumatatu na Alhamisi. Hufungua macho. Hasemi. Madaktari wameacha kunieleza matumaini yao, nami nimeacha kuwauliza.

Nilikuandikia wakati ule kwamba Serikali imewachukua watoto kwa muda. Sikukuandikia sababu. Ofisi ya watoto ilinipima kama mlezi ikaona, na iliona sawasawa, kwamba mzee asiyeweza kusoma namba ya basi hawezi kumkimbilia mtoto wa miaka mitano barabarani. Liban alikuwa na mitano, Idil minane. Kisha wakauliza kama kuna mtu wa karibu ambaye watoto wanamjua na kumpenda. Mtu huyo alikuwapo. Kati yake na sisi palikuwa na ukuta mmoja tu.

Ni Nuala, jirani yangu, Mwairishi wa miaka sitini na miwili, mpishi wa shule aliyestaafu. Alizaliwa Dublin, akaja hapa akiwa msichana. Ni mtu wa makelele. Kila asubuhi hugonga ukuta na kuuliza, "Bwana Mkuu wa Shule, umekufa au bado?" Nami hugonga mara mbili, maana yake bado. Sadiyo alipochelewa kazini, watoto walikula kwake mayai na viazi, na Liban alijifunza kufunga kamba za viatu jikoni mwake. Alipoulizwa kama atawachukua, alisema ndiyo kabla swali halijaisha.

Mimi nilikataa, Rukiya. Nuala ni Mkatoliki. Ana msalaba juu ya mlango na nyama ya nguruwe katika friji. Nilijiambia kwamba leo ni mayai na viazi, na kesho watapiga magoti mbele ya sanamu. Niliandika pingamizi la kurasa nne. Sijaandika kitu kizuri zaidi tangu nilipoacha kazi ya ualimu. Katika ukurasa wa tatu niliuliza, "Je, nani atawafundisha sala?"

Tarsem Singh, mzaliwa wa Kisumu ambaye hunipeleka huku na huku kwa gari lake, aliisoma barua hiyo tukiwa tumeegesha mbele ya ofisi.

"Mwalimu, hii barua ni tamu sana," akasema. "Usiipeleke."

"Ina kosa gani?"

"Haina kosa, na hiyo ndiyo shida. Hawa watu watakuamini. Wewe unataka kushinda ama unataka watoto?"

Nilimwambia kwamba sikumwomba ushauri, nikashuka na fimbo yangu, nikaipeleka mwenyewe. Ofisi iliikubali, na Nuala akawekwa kando.

Nilidhani kwamba katika mji wenye misikiti mingi namna hii Waislamu wangejitokeza kwa makumi kuwalea. Nilikwenda kuwatafuta. Kila mtu alinishika mkono akaniombea dua. Mmoja alikuwa na watoto sita katika vyumba viwili. Mwingine hakuwa na hakika ya kibali chake cha kuishi hapa. Mwingine aliniambia atazungumza na mkewe, na mpaka leo anazungumza naye.

Watoto hawakuweza kungoja mazungumzo hayo. Walipelekwa mahali pa dharura, kisha wakahamishwa tena. Idil yuko katika mji wa pwani huko kaskazini, mwendo wa saa nne kwa garimoshi. Liban yuko upande wa mashariki, kwa watu wengine. Nyumba zote mbili ni za watu wema. Hakuna hata moja iliyo ya Kiislamu. Watu wa ofisi walimtafutia kila mmoja nyumba kwa bidii, na waliposhindwa kupata niliyoitaka waliwapeleka katika nyumba zilizokuwapo.

Mwezi wa Agosti nilikwenda kuiondoa barua yangu. Nilisema mbele ya jaji kwamba nilikosea, na kwamba Nuala bado yuko tayari. Jaji alinisikiliza kwa heshima. Katika hukumu yake ya Septemba akasema kwamba watoto wamehamishwa mara mbili, sasa wametulia, na hawatahamishwa mara ya tatu. Nilimweleza pia pendekezo lako kwamba waletwe kwako. Akasema mama yao yu hai hapa, na kwamba yeye jaji hawezi kuwatoa nchini. Sina la kulaumu katika hukumu ile. Ningekuwa mimi jaji, ningesema hivyohivyo.

Sasa nitakueleza habari za mwaka 1913 katika nchi ya Ireland, nawe nivumilie. Tangu Septemba sijasoma jambo jingine. Tarsem huniletea vitabu kutoka maktaba, nami huvisoma kwa kioo cha kukuzia maandishi.

Mwezi wa Agosti mwaka ule wafanyakazi wa tramu wa Dublin waliziacha tramu zao katikati ya barabara wakaondoka. Waajiri wapatao mia nne waliungana, wakawafungia milango wote waliokataa kutia sahihi karatasi ya kukikana chama chao cha wafanyakazi. Watu kama elfu ishirini walikosa kazi. Polisi waliupiga umati kwa marungu. Siku chache baadaye nyumba mbili kuukuu zilizojaa wapangaji maskini ziliporomoka, wakafa watu saba. Mwisho wa Septemba meli ya chakula ilifika kutoka kwa wafanyakazi wa Uingereza, lakini meli haiwezi kulisha mji majira yote ya baridi.

Kwa hiyo mwezi wa Oktoba ulitolewa mpango kwamba watoto wa wafanyakazi wale wavushwe mpaka Uingereza, wakalishwe katika nyumba za watu waliojitolea, mpaka ugomvi uishe. Mama wengi walikubali. Ndipo askofu mkuu wao alipoandika magazetini kwamba mama wanaowapeleka watoto wao huko hawastahili kuitwa mama wa Kikatoliki. Mapadri na umati wa watu walikwenda kwenye gati na kwenye vituo vya reli, wakawazuia watoto wasipande. Waliogopa kwamba watoto, wakikaa katika nyumba za Waprotestanti, wangepoteza dini yao.

Nayapata haya katika vitabu, lakini kwanza niliyasikia kwa Nuala. Siku iliyofuata hukumu alikuja na birika la chai. Hakunikasirikia. Alikaa akaanza kunisimulia habari za bibi yake, kwa sababu, alisema, mtu akiwa na majonzi ni vizuri asikie ya mwingine. Bibi yake alikuwa na miaka tisa katika mwaka ule. Aliogeshwa, akavikwa koti jipya, akapelekwa gatini akiwa amemshika mkono ndugu yake wa miaka minne. Padri wa mtaa wao alikuwapo. Aliutwaa mkono wa yule mdogo akamwuliza kwa upole, "Huko ng'ambo, mwanangu, nani atakufundisha sala?" Kisha akawarudisha wote wawili nyumbani.

Padri yule hakuwa mkatili. Hilo ndilo linaloninyima raha. Juma lililofuata aliwaletea mkate na makaa ya mawe. Mkate ukaisha. Kufikia Januari watu walianza kurudi kazini mmoja mmoja, wengi wakiitia sahihi karatasi ileile waliyoikataa Agosti. Baba wa watoto wale alitia ya kwake. Mwezi wa Februari yule mdogo akafa kwa ugonjwa wa kifua, na padri huyohuyo ndiye aliyemsomea sala.

Nuala hakujua nilichokiandika katika ukurasa wa tatu. Nilimwomba arudie maneno ya padri, akayarudia. Niliweka kikombe chini nikamwambia. Kisha akasema, "Basi sasa mko wawili."

Akaniambia na jambo jingine, ambalo hakunuia kuniambia kamwe. Kabla sijapeleka pingamizi, alikwishaitupa nyama yote ya nguruwe iliyokuwamo ndani ya friji. Alikwenda kwa mchinjaji wa Kisomali akamwuliza maswali mpaka yule mtu akachoka. Akanunua sufuria tatu mpya za kijani na kikaango, na Idil akaandika chini ya kila kimoja, kwa kalamu nene, neno "halali". Alikuwa amekwisha pia kuuliza madrasa inaanza saa ngapi Jumamosi. Rukiya, kama ningegonga ukuta na kuuliza swali langu, badala ya kuwaandikia watu wa mbali, ningejibiwa siku hiyohiyo.

Naruhusiwa kuwaona watoto mara moja kila miezi miwili, katika chumba chenye vitu vya kuchezea, huku mwanamke wa ofisi amekaa pembeni. Mwezi uliopita nilimsalimu Liban kwa Kiswahili. Alimtazama yule mwanamke ili amwambie nimesema nini. Idil alikuwa akichora. Bila kuinua kichwa akaniuliza, kwa Kiswahili chake kilichoanza kupinda, "Babu, Nuala alikuwa anataka sisi. Ni wewe ulisema hapana?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, ni mimi.

Akasema, "Sawa," akaendelea kuchora.

Nilimwomba anisomee sura ya Alhamdu. Alianza vizuri. Alipofika aya ya nne akasimama, akanitazama nimsaidie. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na minne sikuweza kutoa sauti, na yule mwanamke akasema muda umekwisha.

Usinijibu kwa kunifariji. Nakujua, utaandika kwamba niwe na subira na kwamba mambo yatageuka. Hayatageuka. Nimesoma hukumu yote, neno kwa neno, na hakuna mlango ndani yake. Nakuomba tu uwaombee dua kwa majina yao kamili, ili angalau yatamkwe kwa ukamilifu mahali fulani.

Kwa sasa Nuala hunipikia katika zile sufuria za kijani. Jana aliniletea mchuzi wa mbuzi, akasimama mlangoni mpaka nikaonja, akasema kwamba kama sitamaliza atanigongea ukuta kwa kiatu. Nilimaliza. Nilipoigeuza sufuria kuiosha niliyaona maandishi ya Idil, nikaiosha upande wa ndani tu.

Zile nguo mbili ulizomshonea Idil kwa ajili ya Idi, usizitume. Mpe binti wa Fardowsa. Vipimo nilivyokutumia ni vya mwaka jana. Amerefuka sana, na vipya sina, wala sina pa kuvipatia.

Nisalimie Abdiwahid, na mkewe Fardowsa, na watoto wao wote. Mfikishie salamu Mzee Mwinjuma wa duka la vitabu, umwambie miwani yake bado ninayo. Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, akuponye goti, na asikuonyeshe siku ya kushinda namna nilivyoshinda mimi.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na kukukumbuka kila siku,

Sugow Abdow